KUPUMUA CHINI YA MAJI: UZAMIAJI WA MTUNGI KATIKA MIAMBA YA KILWA NA LINDI

Siku za bamvua, maji yanapokupwa kabisa, watu wa Songosongo, Songo Mnara na vijiji vingi vya pwani ya Kilwa na Lindi hushuka miambani kwa miguu. Wanawake na watoto huchokoa pweza mashimoni na kuokota kombe, na kila mmoja anaijua sehemu yake kama mkulima anavyolijua shamba lake. Hata hivyo ujuzi huo una mpaka. Pale mwamba unapokatika na kuteremka katika maji ya buluu, ndipo mguu unapokoma na pumzi inapokuwa fupi. Mzamiaji hodari wa pwani, mwenye miwani na mapafu yake tu, hukaa chini dakika moja au mbili, kisha hana budi kurudi juu. Ule mteremko wa nje wa mwamba, ambako matumbawe hustawi zaidi na samaki wengi hujificha na kukua, huuona kwa vipande vipande.

Zaidi ya miaka 80 sasa kimekuwapo chombo kinachousogeza mpaka huo. Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ofisa wa jeshi la wanamaji la Ufaransa, Jacques-Yves Cousteau, na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza vali iliyomwezesha mzamiaji kubeba hewa yake mgongoni ndani ya mtungi na kuivuta kwa kadiri anavyoihitaji. Gagnan alikuwa ametengeneza vali ya namna hiyo kwa ajili ya magari yaliyotumia gesi kwa sababu ya uhaba wa petroli. Tangu siku hizo uzamiaji wa mtungi umeenea duniani kote, na sehemu nyingi, kama vile visiwa vya Karibi, wageni hufundishwa kuzamia kwa siku chache tu katika miamba ya kina kifupi.

Miamba ya kusini mwa Tanzania inazo sifa nyingi za miamba hiyo: maji ya vuguvugu, kina cha wastani, na wingi wa viumbe. Lakini mtungi wa hewa si chombo cha starehe tu, wala si chombo kisicho na hatari. Kijana anayepewa mtungi bila ya kuelezwa sayansi yake yumo katika hatari asiyoweza kuiona. Makala haya yanaeleza sayansi hiyo, na kwa nini inawahusu watu wa Kilwa na Lindi.

Uzito wa maji na uzito wa hewa

Hewa inayotuzunguka ina uzito, na uzito huo hukandamiza miili yetu toka pande zote. Hatuuhisi kwa sababu tumezaliwa ndani yake, na hewa iliyomo miilini mwetu hukandamiza kutoka ndani kwa nguvu iyo hiyo. Nguvu hii, ikipimwa kwa eneo, ndiyo mgandamizo, ambao vitabu vya fizikia huuita kanieneo. Pwani, usawa wa bahari, mgandamizo huo huhesabiwa kuwa angahewa moja.

Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800. Kwa sababu hiyo mtu hana haja ya kushuka mbali ili mgandamizo uongezeke. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mgandamizo wa angahewa moja nzima. Mtu aliye mita 10 chini ya maji amebeba mgandamizo wa angahewa mbili, yaani ile ya hewa iliyo juu ya bahari pamoja na ile ya maji. Akiwa mita 20 atabeba tatu, na mita 30 atabeba nne.

Nyama, damu na mifupa haidhuriki kwa mgandamizo wa kadiri hiyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili ni maji, nayo maji hayasinyai kwa urahisi. Sehemu zinazopata taabu ni zile zenye hewa: mapafu, masikio, na mianya iliyomo ndani ya mifupa ya uso. Mzamiaji wa kienyeji anayesikia maumivu makali masikioni kabla hata ya kufika mita tatu anaisikia fizikia hii. Hewa iliyo nyuma ya kiwambo cha sikio imesinyaa, na kiwambo kinavutwa kwa ndani. Dawa yake ni kubana pua kwa vidole na kupuliza taratibu, mdomo ukiwa umefumbwa, ili hewa kutoka kooni ipite katika kijia kiendacho sikioni. Afanye hivyo mapema, kabla ya maumivu, na arudie kila baada ya mita moja hivi. Anayejikaza kisabuni na kuendelea kushuka ataweza kupasua kiwambo cha sikio, na mwenye mafua asizamie kabisa, kwa kuwa kijia hicho huwa kimeziba.

Kanuni ya Boyle na amri ya kwanza ya mzamiaji

Mwaka 1662 Robert Boyle wa Uingereza alitangaza kanuni ambayo hadi leo hufundishwa katika shule za sekondari: ikiwa halijoto haibadiliki, ujazo wa gesi hupungua kadiri mgandamizo unavyozidi. Mgandamizo ukiwa mara mbili, ujazo huwa nusu. Puto lenye lita 12 za hewa juu ya maji litakuwa na lita 6 kwenye kina cha mita 10, lita 4 kwenye mita 20, na lita 3 kwenye mita 30.

Mtu anayezama kwa pumzi aliyoivuta juu hapati shida anaporudi. Mapafu yake yalisinyaa wakati wa kushuka, na sasa yanarudi katika ukubwa wake wa awali. Lakini mtu mwenye mtungi huvuta hewa akiwa kule kule chini, na vali humpa hewa yenye mgandamizo sawa na wa maji yanayomzunguka. Tuseme amejaza mapafu lita 6 kwenye kina cha mita 10, kisha akashtuka, akafunga pumzi na kupanda juu. Hewa ile itataka kuwa lita 12, nayo mapafu hayana nafasi hiyo. Yatachanika, na hewa itaweza kuingia katika mishipa ya damu na kufika kwenye ubongo. Ajali ya namna hii inaweza kutokea hata katika kina cha mita mbili, yaani katika maji ambayo watoto wa Kilwa huchezea kila siku.

Ndiyo maana amri ya kwanza ya uzamiaji wa mtungi ni hii: usizuie pumzi hata mara moja. Amri hiyo ni kinyume kabisa cha desturi ya mzamiaji wa kienyeji, ambaye uhodari wake wote umo katika kuzuia pumzi. Mvuvi mzoefu anapopewa mtungi kwa mara ya kwanza, uzoefu wake wenyewe unaweza kumponza.

Yafaa kueleza pia hatari inayowahusu wanaozamia bila mtungi. Wengine huvuta na kutoa pumzi kwa haraka mara nyingi kabla ya kuzama, wakidhani wanaweka akiba ya oksijeni. Wanachofanya hasa ni kuipunguza kaboni dioksidi mwilini, na gesi hiyo ndiyo inayomwamsha mtu ahisi haja ya kupumua. Kengele ikiisha kuzimwa, mzamiaji hukaa chini bila ya dhiki huku oksijeni ikimwishia. Anapopanda, mgandamizo unapungua, na kile kidogo kilichobaki hakiwezi tena kuitosheleza damu. Huzimia karibu na uso wa maji, bila onyo, na asipokuwapo mwenzake wa kumshika, hufa maji.

Hesabu ya hewa

Mtungi wa kawaida una ujazo wa lita 12, na hewa hushindiliwa humo hadi angahewa 200 hivi. Kwa hesabu nyepesi ni lita 2,400 za hewa ya kawaida. Mzamiaji mwenye busara huacha akiba ya angahewa 50 kwa ajili ya safari ya kurudi na dharura, kwa hiyo anazo lita 1,800 za kutumia.

Mtu aliyetulia hutumia, tuseme, lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Kwa kipimo hicho lita 1,800 zingemtosha dakika 90. Lakini kwenye mita 10 kila pumzi ina hewa maradufu, na muda unakuwa dakika 45. Kwenye mita 20 anatumia mara tatu, na hewa inamtosha dakika 30 tu. Akiwa na hofu, au akipigana na mkondo wa maji, pumzi huwa nyingi na muda hupungua tena. Kwa hiyo jibu la swali kwamba mtungi mmoja unakaa kwa muda gani haliwezi kutolewa bila ya kujua kina na hali ya mzamiaji mwenyewe. Anayezama bila ya kipimo cha mgandamizo kwenye mtungi wake ni sawa na nahodha anayevuka bahari bila ya kujua kiasi cha maji ya kunywa aliyobeba.

Nitrojeni, gesi isiyoonekana ikifanya kazi

Karibu asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni. Mwili hauitumii gesi hii kwa kupumua. Huingia na kutoka tu. Lakini chini ya mgandamizo mkubwa gesi huyeyuka zaidi katika maji, na damu nayo ni maji. Kadiri mzamiaji anavyokaa chini, ndivyo nitrojeni inavyozidi kuyeyuka katika damu, mafuta na viungo vyake. Akipanda polepole, gesi hutoka kidogo kidogo kwa njia ya mapafu, wala hadhuriki. Akipanda kwa haraka, gesi hufanya mapovu ndani ya mwili, kama soda inavyotoa povu chupa inapofunguliwa ghafla.

Mapovu hayo yakiwa katika viungo huleta maumivu makali ya mabega na magoti. Yakiwa katika uti wa mgongo huweza kupoozesha miguu. Ugonjwa huu ulijulikana katika karne ya 19 kwa wafanyakazi waliochimba misingi ya madaraja wakiwa ndani ya masanduku yaliyojazwa hewa ya kushindiliwa chini ya mito. Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert alieleza kwamba chanzo chake ni mapovu ya nitrojeni, na mwaka 1908 John Scott Haldane wa Uingereza, baada ya majaribio aliyofanya kwa mbuzi, alichapisha majedwali ya kwanza ya kupanda kwa hatua. Majedwali na kompyuta za mkononi zinazotumiwa na wazamiaji leo zimetokana na kazi hiyo.

Kanuni zinazofundishwa kwa wanaoanza ni nyepesi: kupanda kwa mwendo usiozidi mita 9 au 10 kwa dakika, kusimama dakika tatu kwenye kina cha mita tano kabla ya kutoka, kutokwenda chini ya mita 18, na kutopanda ndege kabla ya saa 18 hadi 24 kupita, kwa sababu hewa ya juu ina mgandamizo mdogo na mapovu huweza kuanza huko. Kanuni hii ya mwisho inawahusu hasa wageni wanaokuja Kilwa Masoko kwa ndege ndogo na kuondoka kwa haraka.

Mgonjwa wa mapovu hupewa oksijeni safi bila kuchelewa, kisha hutibiwa katika chumba maalumu cha chuma ambamo mgandamizo huongezwa na kupunguzwa polepole. Vyumba vya aina hiyo ni vichache mno katika Afrika Mashariki. Kwa mtu aliyepatwa na ugonjwa huu katika kisiwa cha mbali, ambako hata kufika bara kwa mashua huchukua saa kadhaa, kinga ndiyo tiba yake kubwa.

Kwa nini mwamba hufaa kwa mwanafunzi

Tumbawe ni koloni la wanyama wadogo wanaofanana na ua, ambao hujijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi vijimea vidogo sana visivyoonekana kwa macho, ambavyo hutengeneza chakula kwa nuru ya jua na kumgawia mwenyeji wao. Bila ya nuru mkataba huo hauwezekani. Maji hunyonya nuru upesi: rangi nyekundu hutoweka katika mita chache za kwanza, kisha rangi ya machungwa na ya manjano, hadi hubaki buluu peke yake. Mzamiaji akijikata kidole kwenye mita 20 huona damu yake kuwa ya kijanikijivu, na pono mwenye madoa mekundu huonekana amevaa kijivu. Ndiyo sababu mwamba hustawi zaidi katika maji yasiyo na kina kirefu.

Hapa pana bahati njema kwa anayejifunza. Kina kati ya mita 5 na 15, ambako nuru ni nyingi na viumbe ni wengi kuliko mahali pengine popote baharini, ndicho kina ambacho hewa hudumu muda mrefu na nitrojeni huyeyuka kwa uchache. Anayeshuka zaidi haoni mengi zaidi. Akipita mita 30 nitrojeni huanza kumlevya kama pombe, akili yake hupungua, naye mwenyewe hajui kwamba imepungua.

Vilindi vina siri zake, lakini hizo si za mzamiaji wa mtungi wa kawaida. Mwaka 2003 wavuvi wa Songo Mnara walinasa katika nyavu zao samaki wa ajabu mwenye mapezi kama miguu, aitwaye silakanti. Kabla ya mmoja wake kupatikana Afrika Kusini mwaka 1938, wanasayansi walidhani ukoo wa samaki huyo ulikwisha kutoweka miaka milioni 65 hivi iliyopita. Makao yake ni mapango yaliyo kwenye kina cha mita 100 na zaidi. Samaki huyo ni jirani wa watu wa Kilwa, ingawa hakuna mvuvi atakayemtembelea kwa mtungi wa lita 12.

Kuchagua mahali na siku

Matumbawe hayapendi tope wala maji matamu. Kwa hiyo asiyejua asiyatafute mbele ya mlango wa mto Lukuledi katika ghuba ya Lindi, wala karibu na mto Matandu upande wa Kilwa Kivinje. Humo mikoko hustawi na maji huwa na vumbi la udongo. Miamba mizuri iko nje, penye maji ya bahari kuu: kuzunguka visiwa vya Songosongo, Fanjove na Nyuni, upande wa bahari wa Songo Mnara, na sehemu za pwani ya Lindi zilizo mbali na milango ya mito.

Kuhusu majira, mabaharia wa pwani hawahitaji mwalimu. Pepo za kusi, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, huja na mawimbi makubwa. Muda wa maleleji, kusi inapokwisha na kaskazi haijashika, bahari hutulia na maji huwa angavu. Miezi ya Oktoba na Novemba ni ya kutegemewa. Ndani ya siku moja yafaa kuzamia maji yanapokaribia kujaa, kwa sababu maji yanayojaa huleta maji safi ya bahari kuu, ilhali maji yanayokupwa huburuta tope la ghuba na mikoko. Siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii hukaribia mita nne, na mikondo katika milango ya visiwa huwa kama mto. Mwanafunzi angoje maji mafu.

Hata maji ya nyuzi 27 humpoza mtu baada ya muda, kwa sababu maji huchukua joto la mwili upesi mara 25 kuliko hewa. Anayeanza kutetemeka atoke. Isitoshe, chini ya maji vitu huonekana vikubwa kwa theluthi moja na karibu kuliko vilivyo, kwa kuwa nuru hupinda inapotoka majini kuingia katika hewa iliyomo ndani ya miwani. Wengi wanaodai kuona chewa mkubwa kama mtumbwi wanasema kweli kwa kadiri ya macho yao.

Mlipuko

Iko sauti moja ambayo mzamiaji wa pwani hii huitambua hata kama hajawahi kuisikia. Sauti husafiri majini kwa mwendo wa mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Kwa hewa ya kawaida, sikio moja husikia kabla ya jingine, na kwa tofauti hiyo ndogo ubongo hujua upande. Chini ya maji tofauti hiyo hupungua mno. Kishindo cha baruti husikika kana kwamba kimetoka pande zote, wala mzamiaji hawezi kujua akimbilie wapi.

Uvuvi wa baruti umekuwapo Tanzania tangu miaka ya 1960, na umekatazwa na sheria ya uvuvi ya mwaka 1970 na ile ya 2003 iliyochukua nafasi yake. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2015 kwa vinasa sauti vilivyovutwa baharini katika pwani nzima ulirekodi milipuko zaidi ya 300 katika muda wa mwezi mmoja hivi, mingi ikiwa karibu na Dar es Salaam. Doria za pamoja za vyombo vya dola katika miaka iliyofuata ziliipunguza sana.

Mlipuko huua samaki kwa njia ile ile inayomtishia mzamiaji. Wimbi la mgandamizo hupita katika maji na nyama bila ya kuzuiwa, lakini likifika penye hewa hupasua. Kibofu cha hewa cha samaki hupasuka, na wengi huzama chini bila ya kuokotwa. Matumbawe nayo huvunjika kuwa kokoto. Kokoto hizo hubingirika kwa kila wimbi, hivyo kizazi kipya cha matumbawe hakipati mahali pa kushika. Tumbawe gumu la mviringo hukua takriban sentimita moja kwa mwaka. Jiwe lenye kimo cha mtu mzima lilianza kukua kabla ya Maji Maji, na huangushwa kwa sekunde moja.

Watu wa Kilwa wanayo sababu ya pekee ya kulijua tumbawe hilo. Mafundi waliojenga misikiti na majumba ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, mahali palipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, walilitoa baharini likiwa hai na laini, wakalichonga mihirabu na nguzo kabla halijakauka na kuwa gumu. Aliyeyaleta mawe yale alizama kwa pumzi yake tu.

Baruti si adui pekee. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kuliko kawaida, matumbawe yakawafukuza vijimea vyao, yakapauka kuwa meupe, na mengi yakafa, hasa upande wa Mafia. Joto la namna hiyo limerudi mwaka 2016 na 2024. Mwamba uliokuwa mzima una nafasi ya kupona, lakini ule uliokwisha kuvunjwa na baruti hauna cha kuanzia.

Mtungi wa kuvuna na mtungi wa kuona

Katika sehemu mbalimbali za dunia mitungi imewafikia wavuvi kabla ya elimu. Wafanyabiashara huwapa vijana mitungi wafuate majongoo bahari, na majongoo ya kina kifupi yakiisha, vijana hushuka zaidi na kukaa zaidi, mara nne au tano kwa siku. Hulipwa kwa kilo, wala hawaambiwi habari ya nitrojeni. Waliopooza miguu kwa kazi hiyo ni wengi, na wengi wao waliamini wamepigwa na jini wa baharini. Hasara ni mbili kwa pamoja, ya mtu na ya bahari, kwa kuwa kina kilichokuwa hifadhi ya jongoo mzazi sasa kinafikiwa.

Mtungi huo huo unaweza kufanya kazi nyingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho Taasisi yake ya Sayansi za Bahari ilianzishwa Zanzibar mwaka 1978, huhesabu matumbawe na samaki kwa kuzamia na kamba ya kupimia. Bomba linaloleta gesi ya Songosongo bara, lililoanza kazi mwaka 2004, hupita chini ya bahari, na miundo ya namna hiyo huhitaji watu wanaojua kufanya kazi majini. Mwaka huo wa 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Baadhi ya vijiji vya Kilwa, kikiwamo Songosongo, vimejaribu kuifunga miamba yao kwa miezi michache ili pweza wakue, jambo linalowezekana kwa kuwa pweza hukua haraka na maisha yake ni mafupi. Swali linalofuata katika kila kikao cha kijiji ni kama mwamba umenufaika kweli. Wanaokaa juu ya maji hulijibu kwa kukisia. Kijana wa kijiji aliyefundishwa kuzamia huweza kulijibu kwa kuhesabu, na hesabu yake haitegemei mgeni kurudi mwakani.

Mambo ya kuuliza kabla ya kuvaa mtungi

Yeyote anayeitwa kuzamia kwa mtungi, iwe kwa ajira au kwa mafunzo, ana haki ya kuuliza maswali machache, na asiyejibiwa asizame.

Kwanza, nani atanifundisha, naye amehitimu wapi? Pili, kina ni mita ngapi, na nitakaa dakika ngapi? Tatu, mtungi ulijazwa na nani? Hewa iliyoshindiliwa kwa mashine inayovuta moshi wa injini huwa na sumu ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu, na juu ya sumu hiyo mgandamizo wa chini huizidishia nguvu. Nne, je, nina kipimo cha hewa na cha kina, na mwenzangu wa kuzama naye ni nani? Tano, katika mashua ipo oksijeni, na ikiwa nitapata ganzi miguuni baada ya kutoka, nitapelekwa wapi na kwa chombo gani?

Ganzi, maumivu ya viungo au kizunguzungu baada ya kuzamia visichukuliwe kuwa uchovu, na dawa yake si kurudi chini tena, kama wengine wanavyofanya. Mgonjwa alazwe chali, apewe oksijeni na maji ya kunywa ikiwa ana fahamu, na asafirishwe siku hiyo hiyo. Akipelekwa kwa ndege, rubani aambiwe arushe chini kadiri inavyowezekana.